Kivuli cha Nguzo ya Tatu

Jumamosi, saa kumi na robo jioni. Enzi zetu (najua nina miaka kumi na sita, cheka tu) saa kama hizi hakuna mtoto aliyebaki ndani. Tulikuwa shambani kwa Bibi, kwenye jiwe kubwa la kutelezea, magauni yamechanika nyuma, midomo inanuka karanga mbichi za kuiba. Tukicheza kombolela, anayetafuta aliegemea kipande cha chuma kilichochomoza ardhini, akafumba macho, akahesabu. Kilinifika kifuani. Cha nini, hatukuuliza. Tuliondoka Mama akiita, "Nyie, laleni huko na fisi!" tukarudi kula ugali wa mtama na mlenda. Mdogo wangu Elia siku hizi anacheza mpira kwa kidole gumba kwenye simu, halafu anasema amechoka.

Leo nimekaa na picha niliyoazimwa na madamu wa jiografia. Ilipigwa kutoka kwenye ndege, zamani za wakoloni, juu ya mji wa mgodi wa dhahabu ambao sasa ni mashamba yetu ya alizeti. Nina sababu yangu. Bibi alizaliwa mji ule, na alizoea kutusimulia taa zake za umeme. Mwaka huu umeme ulipofika kijijini, Mjomba, mwanaye, alimfundisha kubonyeza swichi mbele ya wageni.

"Mimi nimekulia kwenye taa hizi," Bibi akasema.

"Mama bwana!" Mjomba akadakia. "Labda vimulimuli!"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku ile Bibi hasimulii kitu. Tukimwomba anasema, "Muulizeni Mjomba wenu, ndiye anayejua." Nyumba imepoa.

Madamu alitufundisha kwamba ukiwa juu huoni urefu wa kitu, unauona kwenye kivuli chake. Nikaanza kulitafuta jiwe letu. Lipo, dogo kama punje ya uwele. Halafu, kutoka jengo la mitambo hadi kwenye safu za nyumba, nikaona vivuli vyembamba kama sindano, vimejipanga mstari mmoja. Kimoja kimeanzia ubavuni mwa jiwe. Pale pale penye chuma chetu!

Mimi naogopa kusema mbele ya watu, hata darasani najibu kwa kunong'ona. Wakati wa kula nilikuwa na picha mapajani. Nikafungua mdomo, nikaishia kuomba chumvi.

Asubuhi yake, kabla ya ibada, nilimwamkia Bibi, nikamwomba twende shambani. Tulipopita mlangoni kwa Mjomba, nikagonga.

"Shikamoo Mjomba. Njoo na wewe." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Akatufuata, mswaki mdomoni.

Chuma sasa kinanifika mapajani. Nilimpa Mjomba picha, nikamwonyesha vivuli kimoja kimoja. Bibi alikipapasa kile chuma kama anayemshika mtoto kichwa.

"Nguzo hii ilikuwa ya tatu kutoka kwetu," akasema. "Taa ikiwaka tu, watoto wote nje, kombolela. Anayetafuta anaegemea hapa."

Wao walikuwa na taa, wakatoka nje. Sisi hatukuwa nayo, tukatoka nje. Sasa kila nyumba ina taa, na kwenye jiwe letu nyasi zimeota.

Niliinama, nikaweka paji la uso kwenye chuma, nikafumba macho, nikaanza kuhesabu. Nyuma yangu Mjomba aliutoa mswaki mdomoni.

"Mama," akauliza polepole, "na walikuwa wanazima saa ngapi?"

Nikaendelea kuhesabu, nisije nikamkatisha Bibi.