Wavu Usiokamata Kitu

Nikiona nzi tu, namkumbuka baba. Mtacheka, na mcheke tu. Mimi ndiye ninayejua nimepoteza nini.

Alivua samaki Nansio hadi magoti yalipomshinda, ndipo tukahamia Kiseke. Huko tulikuwa na ng'ombe mmoja, wa mama, aliyeachiwa na bibi yangu kabla hajafariki. Mama alipiga naye soga kuliko alivyopiga na sisi. Sasa mwaka ule, ng'ombe akiwa na ndama anayenyonya, nzi wakavamia banda, wale wanaouma miguu. Kila mama akichuchumaa kukamua, ng'ombe anarusha teke: ndoo kule, maziwa kule. Baba akachoka. Akasema hawezi kufuga mnyama wa kumvunja mkewe mbavu, Jumamosi mnunuzi anakuja. Mama alilia jikoni, akasingizia moshi.

Nikakimbilia kwa bwana mifugo. Jumatatu akaja na chandarua chenye dawa, tukakizungushia banda kwa nje, urefu wa kiunoni tu, maana nzi hao huruka chini chini. Hadi Jumatano ng'ombe alikuwa anakamuliwa ametulia tuli, na mama anaimba. Jamani, nilifurahi!

Alhamisi natoka sokoni, nakuta banda liko wazi. Baba amekifungua chandarua na kukikunja vizuri, kama alivyokuwa akikunja nyavu zake za sato.

"Baba, umefanya nini?"

"Wavu gani huu? Nimeukagua asubuhi tatu, haujanasa hata nzi mmoja! Huyo ng'ombe kaacha utundu mwenyewe."

Nilibishana naye hadi sauti ikakauka. Wapi! Mvuvi wa miaka yote ile, nani wa kumfundisha habari za nyavu? Jumamosi asubuhi nzi walikuwa wamesharudi, na teke likampata mama mkononi. Mnunuzi naye akafika, kamba begani.

Hapo nikasahau adabu. Nilimshika baba mkono, mzee wa watu, nikamvuta hadi bandani, nikafunua majani pale chandarua kilipokuwa kimefungwa. Chini palijaa nzi waliokauka.

"Hakinasi, baba. Wanagusa dawa, wanaenda kufia chini."

Aliinama akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwomba mnunuzi radhi kwa kumsumbua, akaleta chandarua na kukifunga mwenyewe, kwa mafundo ya kivuvi ambayo mimi hadi leo yananishinda.

Alipomaliza akamfuata mama, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umevimba.

"Nisamehe, mama watoto."

Sikuwahi kumsikia akimwomba mama msamaha, na sikumsikia tena hadi tulipomzika. Mama akanyanyuka, akachukua ndoo kwa mkono usiouma.

"Haya, njoo unishikie ndama," akamwambia.