Wanaume Hawateki Maji

Kila ninaposikia mtu akisifu jinsi sosiete, kampuni ya maji, ilivyokua, ilivyoanza na bomba moja mlimani hadi kuwa na matangi na mafundi na magari yake, damu hunichemka. Ilikua, ndiyo. Hata kupe hukua. Mimi nilizaliwa kwenye kilima kile cha Masisi ilikopata maji yake ya kwanza, na najua iliyapata vipi. Haikuja kama mwizi. Ilikuja mchana kweupe, ikauliza kwa adabu, na baba yangu mzazi ndiye aliyeijibu.

Ilikuwa miaka ile vita vya wazungu vilipokwisha. Chemchemi yetu ilitoka chini ya mwamba, juu kidogo ya migomba ya nyumbani, nayo haikukauka hata kiangazi kiwe kikali vipi. Wanawake wa kilima kizima waliteka hapo. Chungu chenye masizi hakikuruhusiwa kuyakaribia maji yale, na bibi harusi alipoletwa kilimani alipelekwa pale kwanza akaonyeshwa mahali pa kukanyaga. Wanaume walipita mbali. Mwanaume akionekana amebeba maji angechekwa mpaka azikwe, na hata baada ya kuzikwa wangemtungia hadithi. Kwa hiyo wanaume wetu waliyanywa, waliyaoga, walipikiwa nayo, na kujifanya hawajui yalikotoka.

Mzungu wa sosiete alikuja na ndoo na saa. Akaweka ndoo chini ya mwamba, akatazama saa mpaka ndoo ikajaa, akamwaga, akarudia. Wanawake walimcheka. Walidhani ameugua jua. Siku chache baadaye akarudi na mzungu wa Serikali na karani wake, kwa sababu sheria yao ilitaka wenyeji waulizwe kwanza kama mahali panatumika. Wanaume wakaitwa wakae chini uwanjani kwetu. Wanawake wakaambiwa waende shambani. Asiyekuwepo na lake halipo, tunasema, lakini hawa walikuwepo, wakafukuzwa.

Mzungu wa Serikali akasema maneno yake kwa Kifaransa, na karani akayageuza: "Bwana anauliza, ni nani katika ninyi anatekaka mayi pa hii chemchem?"

Mimi nilikuwa msichana mdogo, nimejibanza mlangoni, na nakumbuka jinsi wanaume walivyotazamana kana kwamba wametukanwa. Baba alikuwa mdomo wa kilima. Ugomvi wa mipaka, mahari, mbuzi aliyekula mtama wa jirani, yote yalimsubiri yeye. Akasimama, akajikung'uta majani.

"Bwana, hapa hakuna," akasema. "Siye wanaume hatutekake mayi."

Wenzake wakaitikia, tena kwa kicheko. Karani akaandika. Naye alikuwa Mwafrika kama sisi, amelelewa kwa maji yaliyopanda kilima mgongoni mwa mama yake, na alielewa vizuri kabisa kilichojibiwa na kisichojibiwa. Akasoma alichoandika: wenyeji hawatumii chemchemi hii. Wanaume wakachovya vidole gumba kwenye wino, mmoja mmoja, wakiona fahari.

Mama aliporudi na kuambiwa, hakulitua hata jembe lake begani.

"Na ile mayi unakunywaka, inatokaka wapi?" akauliza.

"Waliuliza nani anateka," Baba akajibu. "Hawakuuliza nani anakunywa."

Alidhani amesema neno la hekima. Miaka mingi nilitamani kurudi siku ile, nikiwa mtu mzima, nimshike shati.

Wakajenga sanduku la saruji juu ya mwamba, wakaweka mlango wa chuma na kufuli, na mlinzi mwenye fimbo. Bomba likashuka hadi kwa mlowezi wa kahawa, kwenye mabirika ya kuoshea buni. Likaenda nyumbani kwake, ambako niliona kwa macho yangu mtu akilipwa kumwagilia majani yasiyoliwa hata na mbuzi. Kisha kituo cha Serikali, kisha misheni, kisha kambi ya wafanyakazi, kisha likafuata barabara kuelekea Sake. Kila mwaka tangi jipya, rangi mpya, mabomba yamerundikwa kando ya barabara kama kuni za harusi. Kilimani kwetu halikurudi hata tone. Nilipopelekwa kusoma kwa masista na kulala huko, nilifungua robine ya bomba nikanywa maji ya nyumbani, nayo yalikuwa na ladha ya chuma. Sista akatufundisha kuishukuru sosiete katika sala ya asubuhi. Nilishukuru kwa sauti, Mungu anisamehe.

Wanawake walibaki na mto, chini bondeni. Kushuka ni rahisi, hata jiwe linashuka. Kupanda ulipanda na mtungi ndani ya kikapu mgongoni, mkanda wa kikapu umepita kwenye kipaji cha uso, shingo imekaza, mikono inashika majani. Masika moja Mama aliteleza. Mtungi ulivunjika, na paja pia. Mganga wa mifupa alilifunga kwa vijiti, likapona likiwa limepinda, na tangu hapo alitembea kwa fimbo na hakuweza tena kubeba mzigo.

Lakini kichwa chake hakikuvunjika. Kiangazi kilichofuata aliona upande wa nyuma wa kilima kipande cha nyasi kilichobaki kibichi wakati kila kitu kimeungua. Akawaita wenzake na majembe. Walichimba siku nyingi, wakapanga mawe, yeye ameketi akiwaelekeza kwa fimbo, na mwisho maji yakatoka. Yalikuwa membamba kama kidole, lakini yalitosha. Hakuna mwanamke tena aliyeshuka bondeni. Maji yale yalikuwa ya mama yangu kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho, maana aliyalipia kwa mguu.

Likizo moja niliamka alfajiri nikamkuta Baba anapanda njia ya nyuma na kikapu cha Mama mgongoni, mkanda kipajini, maji yanamtiririka hadi kiunoni. Mimi nilikuwa kwa masista, wadogo zangu hawajaweza, Mama hawezi. Nani mwingine? Aliponiona alisimama.

"Usiseme kwa muntu," akanong'ona.

Sikusema. Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda asubuhi ile.

Likizo hiyohiyo sosiete ikarudi. Kahawa ilikuwa imeongezeka, na maji ya kwanza hayakuwatosha. Ndoo ikawekwa, saa ikatazamwa, na safari hii wanawake hawakucheka. Wanaume walipoitwa uwanjani, wanawake waligoma kwenda shambani. Walisimama nyuma kwenye migomba, Mama mbele yao ameegemea fimbo.

"Siye njo tunatekaka!" akapaza sauti. "Siye njo tulichimba! Tuandikeni!"

Karani hakugeuza hata shingo. "Mama, wanawake hawaulizwe."

Baba alikuja amevaa kofia, ameishusha hadi kwenye nyusi. Mzungu wa Serikali akamnyooshea kidole: kofia haivaliwi mbele ya Serikali. Baba akasita. Karani akamkemea. Akaivua.

Alama ya mkanda ilikuwa pale kipajini, nyekundu, pana kama vidole viwili, ya asubuhi ileile. Kilima kizima kiliiona. Hakuna aliyecheka. Nilifikiri: sasa. Hakuna tena cha kuficha, siri imeshamwagika, sasa aseme tu. Swali likaulizwa neno kwa neno kama zamani: nani katika ninyi anatekaka mayi hapa?

"Papa!" nikamwita.

Alinitazama. Akamtazama Mama. Kisha akatazama chini.

"Hakuna, Bwana," akasema. "Wanaume hatutekake mayi."

Na wale wengine, waliokuwa wakiitazama ile alama, wakatikisa vichwa kukubali. Walimhurumia, unaona. Walimhifadhia heshima yake. Mmoja hata alimpigapiga begani alipokuwa akichovya kidole. Watu huniambia nimlaumu mkoloni, namlaumu, simsamehe, wala sosiete yake. Lakini mkoloni hakuiona ile alama ikiwa na maana yoyote. Wao waliielewa, wote, na wakachagua.

Mama alirudi ndani. Chemchemi yake ilifungwa kabla ya masika, saruji, mlango, kufuli. Wanawake wakarudi mtoni, na Baba naye, kabla hakujapambazuka, siku zote, miaka yote, na hakuna mwanaume kilimani aliyewahi kusema amemwona. Mama hakumkaripia. Hakumwambia asante pia.

Baba alifariki kabla ya uhuru, kifua kimejaa. Wanaume walikuja wengi sana. Walikaa uwanjani kulekule wakisema alikuwa mwanaume wa kweli, mtu wa maneno, hatapatikana mwingine. Wazee wawili wakaingia kumwosha, wakaomba maji. Nikachukua kikapu na mtungi, nikashuka bondeni. Nikapanda nimekaza shingo, nikilia na kumlaani kwa sauti hatua baada ya hatua, kwa kuwa hapakuwa na wa kunisikia. Nikauweka mtungi mlangoni.

Mzee mmoja akatoa kichwa, akachungulia ndani ya mtungi.

"Haitoshi, mwana," akasema. "Rudia mtoni, ulete ingine."

Nyuma yake uwanjani walikuwa wameketi wanaume zaidi ya thelathini, wazima, wamekunja mikono. Nikafunga mkanda tena kipajini, nikarudi mtoni.