Mteremko wa Nyuma

Kila nikipita Kasulu nageuza uso nisilione lile jengo. Si baya. Ni zuri mno, na huo uzuri wake ndio unaonitia kichefuchefu.

Ni la enzi za ukoloni: kuta nene za mawe, milango ya mninga, ngazi tisa za mawe upande wa mbele. Walipolikarabati walisema ni urithi, halitabanduliwa hata jiwe moja. Wakapaka chokaa, wakapanda maua. Ofisi ya mashauri ya ardhi ilipokaribia kuhamia humo, ndipo mtu akakumbuka kwamba dunia hii ina wasioweza kupanda ngazi. Basi wakajenga njia ya mteremko nyuma, isije ikaharibu sura ya mbele. Na huko nyuma ndiko kwenye vyoo.

Mama yangu alikuwa amekatwa mguu hospitalini Kabanga kwa ajili ya sukari, akawa wa kiti mwendo. Baba alipofariki, shemeji yake mama akajitwalia shamba letu la Titye, akalima mpaka kwenye ukuta wa jiko. Mama akafungua shauri. Siku ya kusikilizwa nilitoka Kibondo, ninakofundisha, nikampeleka.

"Viti vinapita nyuma, dada," mlinzi alituambia pale mbele. "Magurudumu yatakwangua mawe."

Tukazunguka. Harufu ya mkojo ilitupokea kabla hatujafika. Maji machafu ya kudekia yalikuwa yamemwagwa palepale mteremko unapoanzia, na nzi wakatupisha kwa uvivu, kama sisi ndio tumewaingilia. Nikasukuma. Magurudumu yakapita mle, na mikono ya mama ilikuwa juu ya magurudumu. Sijasahau alivyojifutia kwenye khanga yake mpya. Utepe wa siku ya uzinduzi ulikuwa bado umefungwa kwenye reli, umeoza. Juu kabisa tukakuta mlango una kufuli.

Ufunguo alikuwa nao mfanya usafi, naye alikuwa ng'ambo ya barabara anakunywa chai.

"Mama, nisubiri hapa," nikasema, nikakimbia.

Niliporudi na ufunguo nilimkuta ametulia.

"Wameniita mara tatu," akasema. "Nimeitika."

"Umeitikaje?"

"Nimepiga makofi, mwanangu. Ningeitikaje tena?"

Kwetu Buha mwanamke aliyefundwa hamjibu mkubwa kwa kupayuka. Hupiga makofi taratibu, ameinamisha kichwa, kisha husogea. Mama angesogea wapi, na mlango una kufuli? Alikaa pale kwenye uvundo, anapigia makofi ubao wa mninga wenye unene wa kiganja. Nami, mwalimu mzima, sikukumbuka kumwambia, "Leo piga kelele, mama."

Nikafungua, nikaingia mbio. Shemeji yake alikuwa ameshakaa benchi la mbele, miguu yake miwili ameikunja nne. Karani alikuwa ameshaandika kwamba mdai hakufika.

"Yuko hapo nyuma," nikamwambia. "Hatua kumi tu kutoka hapa."

"Jina limeitwa barazani mara tatu, dada. Mtu anaitikia akiwa barazani. Mimi siwezi kuacha kazi nikazunguka vyooni kutafuta watu. Huo ndio utaratibu."

Nikamwomba. Nikapandisha sauti, wakanitishia mlinzi. Mwenyekiti wa baraza, ambaye hakuinua macho, akatamka kwamba shauri limefutwa na shamba libaki kwa anayelilima. Shemeji akamshukuru kwa Kiha kirefu.

Nikarudi kwa mama, nikamteremsha hadi chini. Nikawa nafuta magurudumu kwa majani. Mara mlango ukafunguka nyuma yetu. Alikuwa karani yuleyule, ana karatasi na kidau cha wino. Alihitaji dole gumba la mama, kuthibitisha kwamba amepewa uamuzi. Akaruka kizingiti, akateremka kwenye mteremko huku ameziba pua, akatufikia kabla sijamaliza gurudumu la pili.

"Mwakeye, mama," akamwamkia kwa Kiha.

Mama akabonyeza pale alipoonyeshwa, akaipokea nakala yake kwa mikono miwili, akaiweka mapajani. Halafu, kwa kuwa amefundwa, akainamisha kichwa na kumpigia makofi.

Safari hiyo karani aliyasikia.