Mabati Thelathini ya Justa

Dada yangu Justa aliolewa na jeshi. Mumewe alikuwa Koplo Ngassa, lakini nasema jeshi kwa sababu Ngassa mwenyewe hakuwa na kauli juu ya wapi watalala mwaka ujao. Amri ikija, wanafunga mizigo. Tabora miaka miwili, Mtwara mitatu, kisha vita, kisha Shinyanga. Kila walipohama serikali ilitoa lori au waranti ya treni, na watu wa kwetu Masumbwe wakamwona dada ana bahati, anazungushwa nchi nzima bure.

Bure! Waranti haikununua sare za shule, maana kaptula ya Tabora ilikuwa ya bluu na ya Mtwara ya kaki. Haikulipia gesti siku nne mlizokaa mkingoja behewa. Na mkifika mnakokwenda, dukani hawawatambui, mnaanza upya kuomba kadi ya sukari na sabuni kwa balozi wa nyumba kumi, na kabla hajawaandikisha mnanunua kwa walanguzi. Posho ya uhamisho ilitoka baada ya miezi, mkiwa mmeshakopa kwa kila jirani. Justa aliyazoea hayo. Aliuza maandazi, akalima karanga nyuma ya kambi, maisha yakasonga.

Kitu kimoja tu hakutaka kiguswe, nacho ni mabati. Mama yetu alikuwa mjane, na nyumba yake ya nyasi ilivuja hata kwa manyunyu. Justa alimwahidi paa. Miaka ile bati lilitafutwa kuliko dawa. Alikuwa akinunua moja, au mawili mwezi ukiwa mzuri, kwa Fazal mwenye duka la vifaa mjini Shinyanga, na kila bati alilidai risiti, kwa sababu mwaka wa msako wa wahujumu uchumi hata mtu mwenye katoni ya sabuni alilala jicho moja wazi. Aliyalaza chini ya kitanda chake cha mbao. Mwanzoni mwa mwaka 1984 yalitimia thelathini, na fundi Athanas alishatupimia: vyumba viwili na baraza, thelathini yanatosha. Mimi na mama tukafyatua matofali, tukapandisha kuta, kenchi za paa zikawekwa.

Mwezi wa tano Ngassa akapata amri ya kwenda Biharamulo. Dada alicheka peke yake siku nzima, kwa sababu njia ya Biharamulo inapita Masumbwe. Lori la jeshi lingeshusha mabati mlangoni kwa mama bila senti tano ya nauli. Akatuma salamu kwamba watapita Alhamisi ya pili ya mwezi wa sita, fundi awepo.

Sasa, kota ya jeshi hutoki hivi hivi. Unakabidhi. Mtunza bohari anakuja na orodha ya vitu vya serikali ulivyovikuta, na kisipokuwepo unakilipa au unaleta kingine, ndipo anakupa kibali cha kupanda lori. Mtunza bohari alikuwa Sajenti Gregory, mzee mtaratibu mwenye kalamu sikioni. Alipita chumba hadi chumba akiandika. Vitanda viwili vya chuma havipo. Nyavu za madirisha sita hazipo. Vioo kumi na viwili, kitasa cha mlango wa nyuma, havipo.

"Si nilikwambia?" Ngassa akasema. "Ni yule Euphrasia."

Euphrasia ni mke wa askari aliyekaa kota ile kabla yao. Miaka mitatu Ngassa alikuwa akimwambia dada kwamba wale watu waliiacha nyumba mifupa mitupu. Dada aliamini, na si kuamini tu, alitangaza. Pale bombani kila mke wa askari alijua Euphrasia ni mwizi. Siku moja mwenyewe alipita kambini kusalimia, Justa hata kigoda hakumpa.

"Wakinikata mshahara itakuwa mwaka mzima, na lori litatuacha," Ngassa akamwambia dada. "Mabati tutanunua mengine, Mama Nkwabi. Mama ni mzima, atangoja."

Dada akachukua mkokoteni, akapeleka mabati ishirini na mawili kwa Fazal. Mzee yule alitoka nje akayatazama.

"Mama Nkwabi, haya nimekuuzia mwenyewe, moja moja. Ngoja basi japo wiki mbili, nikutafutie mtu wa bei nzuri."

"Lori halingoji, baba."

Fazal akampa vitanda viwili vilivyotumika, vioo, nyavu na kitasa, akaongeza na misumari ya bure kwa huruma. Ngassa alisaidia kufunga nyavu. Aliimba wakati akizifunga, na mimi nikikumbuka dada alivyonisimulia hilo nasikia uchungu hadi leo.

Asubuhi ya safari, Gregory akarudi, akahesabu, akatia saini. Ngassa alikuwa ameenda kuaga rafiki zake. Mzee akampa Justa kibali pamoja na karatasi za zamani za nyumba ile, akasema faili limefungwa, yeye hana kazi nazo tena. Dada alikuwa amemaliza masomo ya elimu ya watu wazima huko Mtwara, na tangu hapo hapitwi na maandishi. Akasoma palepale mlangoni.

Karatasi ilisema mume wa Euphrasia alikabidhi vitanda viwili, nyavu sita, vioo vyote, kitasa, vyote vizima. Aliyepokea: Koplo Ngassa. Tarehe ilikuwa wiki tatu kabla Justa hajafika na watoto kutoka Masumbwe.

"Sajenti, hii ni nini?"

Gregory akatazama chini. "Nilidhani unajua, mama. Nyavu zilikwenda Rwamgasa, wachimbaji wanachekechea mchanga wa dhahabu. Na vitanda, vioo na kitasa viliuzwa hukohuko. Mumeo alikuwa na fungu lake kwenye duara moja." Duara ni shimo la dhahabu. Hilo lilitoa maji tu.

Kwa nini hakumrukia Ngassa aliporudi? Nilimuuliza. Alisema funguo zilikwisha kurudishwa, watoto watatu wako juu ya magunia, na yeye hana hata ukuta wa kuegemea mjini Shinyanga. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akapanda lori.

Walifika Masumbwe alasiri. Mama alikuwa kavaa kitenge chake cha kanisani. Fundi Athanas alikuwa juu ya kenchi, nyundo kiunoni. Justa akashuka, tukashusha mabati, nikahesabu manane, nikamuuliza mengine yako wapi. Alikuwa anamtazama mama.

Ngassa hakushuka. Kwetu mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe, hilo ni heshima, nami sikulishangaa. Akatoa kichwa dirishani, uso kando.

"Shikamoo, mayu. Tusamehe. Uhamisho una gharama ambazo mtu hazitegemei. Kota tuliachiwa tupu na watu wabaya, imebidi tulipe sisi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana," mama akasema, naye ameangalia pembeni. Akafungua fundo la kitenge. Ndani mlikuwa na fedha za karanga za misimu miwili, ujira wa fundi. Hakumpa mkononi, haiwezekani. Akaziweka juu ya bati la juu, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Ziwasaidie huko mwendako na watoto. Paa litangoja."

Dada aliniambia baadaye kwamba laiti Ngassa angezikataa zile fedha, yeye angepanda lori, angenyamaza, angezeeka naye. Alisimama akamwangalia mumewe tu.

Mlango wa lori ukafunguka. Ngassa akashuka, akazichukua, akashukuru kwa kuinama.

Justa akamshika mkono, akaufumbua kidole kimoja kimoja, akazitoa, akamrudishia mama. Kisha akaifungua ile karatasi akaisoma kwa sauti, mbele ya mama, mbele ya fundi, mbele ya dereva, hadi kwenye jina la mumewe. Dada akapanda nyuma, akaanza kuwateremsha watoto, Nkwabi kwanza, halafu wadogo, halafu sufuria.

"Justa, kibali kimeandikwa watu watano," Ngassa akasema.

"Soma mwenyewe waliobaki," akajibu.

Lori likaondoka. Mabati manane yaliezeka chumba kimoja, na humo tulilala sita masika yote, huku mvua ikipiga kile kingine. Dada alimwandikia Euphrasia barua tatu za kuomba radhi, hakuna iliyojibiwa. Mwezi wa nane, miezi miwili tu baada ya lori, tukasikia posho ya uhamisho imetoka Biharamulo, ya mke na watoto watatu. Ngassa aliipokea yote na kutia saini.