Siku Niliyourukia Mfuko wa Gesi

Aibu hii nilitaka nife nayo, ila kwa kuwa mke wangu ameshaanza kuwasimulia majirani hapa Moshono, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Mnajua nina ng'ombe wawili wa ndani na mtambo wa bayogesi, ule mfuko mkubwa wa plastiki nyuma ya banda, mavi yanaoza humo, gesi inapita kwenye bomba mpaka jikoni. Mama mkwe anaishi peke yake kule juu mlimani, anapikia kuni, na moshi umeshamharibia kifua. Mwaka mzima tulimbembeleza ahamie kwetu, mpaka Jumapili moja akakubali kuja baada ya ibada kuuona huo moto usio na moshi (akiupenda, alisema, atahama mwezi huo huo).

Asubuhi ile mke wangu akaniambia, "Baba Eli, toa maji yaliyojikusanya kwenye bomba la gesi, jana moto ulikuwa unarukaruka." Nikamjibu nitatoa mgeni akiondoka, maana nilishavaa suti na sikutaka kuinama kwenye matope. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mama akakaa kwenye kigoda karibu na jiko, tukainjika wali. Moto ukaanza vizuri, wa bluu, halafu ukawa unapanda, unashuka, pu, pu, pu, maji yanaiziba gesi na kuiachia, mwishowe ukazima. Tukawasha, ukazima tena. Badala ya kwenda kufungua koki ya kumwagia hayo maji ya bombani (kazi ya dakika mbili, jamani!) nikaona haya kukiri uzembe, nikatoka polepole nikaulalia mfuko ili gesi isukumwe.

"Umewaka!" mke wangu akaita. Nikafurahi kijinga, nikaanza kuurukia. Kumbe gesi ikija kwa kishindo moto nao unaruka, unaachana na jiko na kufia hewani. Wakauwasha, nikaruka tena, safari hii ukatoka mrefu ukaushika mtandio wa mama. "Acha! Unamuunguza mama!" Nilikuwa nimeshajirusha mara ya tatu, na mfuko ukapasuka.

Mama akatoka na mtandio ulioungua pembeni, akanikuta nimezama kwenye mavi mpaka kiunoni, na tai shingoni.

"Pole, baba. Toka humo, utaugua."

Angecheka ningepata nafuu. Wali tuliumalizia kwa kuni, na aliyekuwa akipuliza moto ni yeye, huku anakohoa.

"Moshi nimeuzoea," aliniambia akiaga. "Huu moto wenu naogopa."

Mfuko nilinunua mwingine. Siku hizi kila asubuhi, suti au si suti, nafungua koki kwanza, na moto umetulia kabisa. Tukimpigia simu tunamwambia hivyo, anacheka, anasema tutaona, kisha kikohozi kinamshika. Mke wangu ananipa tu simu nisikilize.