Baba Yetu ya Kahawa

Mkatoliki wa kuzaliwa anaweza kusinzia misa nzima na dhamiri yake ikabaki shwari. Mimi niliyeingia kwa mlango wa ndoa sikuthubutu hata kupiga miayo. Nililelewa Muleba na baba Mlutheri, tena mzee wa kanisa, nikaenda Chuo Kikuu, nikarudi na shahada na mchumba Mkatoliki wa Kashozi. Shahada baba aliipokea. Siku ya ndoa yangu alibaki shambani akipalilia migomba, na kwa miaka iliyofuata hakukanyaga nyumba yetu ya Rwamishenye. Mama alikuja, akaleta ndizi na salamu. Salamu zilikuwa zake peke yake.

Basi nikawa Mkatoliki kwa bidii ya mtu anayeogopa kugunduliwa. Ilikuwa miaka ya ujamaa. Mchana darasani nilihubiri kujitegemea, na jioni niliwageukia wanangu wawili, msichana wa miaka saba na mdogo wake wa minne. Tulisuka misalaba kwa nyuzi za migomba. Tulitengeneza malaika wa pamba aliyetokea kama bata, na mama mkwe alipomwona alimsifu sana huyo bata. Yeye, aliyebatizwa kabla hajaota meno, hakuwahi kutengeneza kitu kitakatifu maishani mwake, na usingizi wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Mwezi wa Rozari ulipokaribia, duka la misheni halikuwa na rozari, kama vile maduka mengine yalivyokuwa hayana sabuni.

"Tutatengeneza wenyewe," nikatangaza, kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

Nilikuwa nimetoka kuchemsha kahawa ya kutafuna, ile akamwani ambayo kwetu mgeni huwekewa kabla hajamaliza kusalimia. Punje zilikuwa bado laini, sindano ikapenya. Ndogo zikawa Salamu Maria. Kubwa, binti yangu alizichagua moja moja kuwa Baba Yetu. Tukaanika juani, zikakauka nyeusi, zinanukia, nikajiona mvumbuzi.

Kasoro ya uvumbuzi wangu ni kwamba ulikuwa unalika. Mdogo alisali kwa meno. Jioni moja alimaliza punje zote kumi za tendo la pili kabla sisi hatujalifikia, akakesha akiruka kitandani. Ikabidi tutunge nyingine, na nyingine tena za kugawia majirani, mpaka kopo la kahawa likabaki tupu. Sikujali. Nani angekuja?

Alikuja baba.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mvua ya Bukoba ikimwagika. Nilipofungua mlango alikuwa amesimama na koti lake refu, kofia ikichuruzika maji. Nikapiga magoti kumwamkia.

"Sikuja kukutembelea," alisema. "Nakwepa mvua."

"Karibu, Tata."

Alichagua kiti kilicho karibu kabisa na mlango, wala hakuvua kofia. Akatazama ukutani.

"Huyo bata ni wa nani?"

"Ni malaika, Babu," alisema mdogo.

"Ahaa. Malaika wenu wanakula vizuri."

Kisha akaweka mikono magotini, kama mzee anayesubiri kahawa. Nikaenda jikoni, nikatikisa kopo ambalo nililijua fika kuwa ni tupu. Chai ilikuwepo, lakini chai hupewa hata mpita njia. Kumnyima mgeni kahawa kwetu ni kumwambia aondoke. Na huyu, akiondoka leo, asingerudi. Nikatoka mikono mitupu.

"Mwalimu," alisema baba taratibu, "kwako hakuna kahawa?"

"Ipo!" alijibu binti yangu. Akaitungua rozari yake msumarini, akamwekea babu yake mapajani.

Nilifumba macho. Kati ya vitu vyote vya kumpa mzee wa kanisa la Kilutheri, mimi ningeanza na chupa ya gongo.

Baba aliiinua kwa vidole viwili, akainusa.

"Hii mnaisali au mnaila?"

"Tunaisali. Huyu ndiye anayeila," alisema binti, akimsonta mdogo wake.

"Na mimi nile ipi? Sisi hatusali Salamu Maria."

Mtoto alifikiri, huku mvua ikipiga bati.

"Kula Baba Yetu. Mama anasema hata ninyi mnaisali."

Baba alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akang'ata uzi, akatoa punje kubwa, akaipasua. Ndani ya punje moja ya kahawa mna mbegu mbili zilizolaliana, na kwetu wanaogawana punje moja hawana ruhusa ya kugombana tena. Moja akaitia mdomoni. Nyingine akaniwekea kiganjani. Tukatafuna bila kutazamana.

"Babu, mvua imeisha," alisema mdogo, ambaye adabu hiyo hakuitoa upande wa kwetu.

"Nimesikia," alisema baba. Akavua kofia.

Alikula nasi ndizi za jioni, akalala. Asubuhi, akiwa ameshasimama mlangoni, alitia mkono ndani ya koti akatoa kifurushi cha jani kavu la mgomba. Kilikuwa kimejaa kahawa ya kutafuna, na ilionekana hakikuanza kukaa humo asubuhi hiyo.

"Mfungie mtoto Baba Yetu yake," alisema.

Punje niliyoichagua humo ilikuwa imekauka kama jiwe, sindano ikakataa. Binti yangu aliifunga kwa uzi wa mgomba, ikaning'inia upande, nje ya mstari. Kila tulipoifikia tulisimama kidogo, kwa sababu ilibidi kuitafuta. Mdogo hakuila.