Miaka miwili nahema bila jibu, ukoo ukampata mchawi kabla daktari hajapata ugonjwa

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Humu mimi ni msomaji tu wa muda mrefu. Leo naandika langu, na nitaliandika lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha.

Ni fundi umeme wa malori hapa Tunduma. Kazi yangu ni kutafuta. Lori likizima taa, nachomoa fyuzi moja moja mpaka nimjue mbaya wangu. Mwaka juzi gari bovu likawa mimi mwenyewe.

Ilianza na kikohozi kikavu. Baadaye kupanda kabini tu nahema kama nimebeba gunia. Jioni nyingine homa na kutetemeka, asubuhi mzima kabisa, niko gereji napiga soga. Uzito ukashuka, suruali zikaanza kudai mkanda.

Nikapima. Malaria hakuna. Makohozi ya TB mara tatu, hakuna. HIV hakuna (nilivyoyasubiri yale majibu, huo ni uzi mwingine). Moyo safi. X-ray "si mbaya sana". Nikaambiwa pumu, nikapewa inhaler, nikavuta mpaka mikono ikatetemeka. Wapi!

Hapo ndipo ukoo ukaingia.

Marehemu baba naye aliondoka kwa kubanwa kifua, na haikujulikana ni nini. Shangazi zangu walishaamua zamani kwamba ni baba mdogo, mdogo wake baba anayeishi Hasamba. Sababu? Baada ya msiba aliomba tarumbeta la baba, lile kubwa la besi ambalo marehemu alikuwa akilipiga kanisani, tukamnyima. Nikapewa mimi, mtoto wa kwanza.

Sasa na mimi nahema. Kwao hesabu ilikuwa imekamilika. Wakapanga kikao Igamba cha kumtenga mzee na ukoo moja kwa moja, na wa kusimama kumtaja ni mimi.

Niseme ukweli, nilishaanza kuamini. Ukikosa pumzi unaamini chochote.

Lakini ufundi ulinisumbua. Nikasema ngoja kwanza nichomoe fyuzi. Jiko la mkaa likatoka nje. Mto wa sufi nikautupa. Paka wa mke wangu nikampeleka kwa jirani, na mama watoto hajanisamehe mpaka leo. Hakuna kilichobadilika.

Kisha nikaitwa Ivuna, kuna lori la chumvi limekufa huko. Nilikaa karibu wiki mbili. Joto, vumbi, maji ya shida, lakini kifua kikafunguka! Nikarudi Tunduma, siku ya tano homa hiyo.

Shangazi mkubwa akasema, "Umeona? Huko mkono wake haufiki."

Mimi nikaona kingine. Kuna kitu Tunduma nakivuta, na sikijui.

Nikaenda Mbeya kwenye hospitali kubwa. Daktari wa kifua, dada mdogo tu, akanipiga CT scan. Akaziangalia picha muda mrefu, kisha akaziweka pembeni akaanza kunihoji kama mimi ninavyohoji dereva. Nafuga kuku? Nalala na mahindi ndani? Napuliza dawa shambani? Yote hapana.

"Jumapili huwa unafanya nini?"

"Napiga tarumbeta kanisani," nikajibu kwa maringo. "Tena nimeongeza mazoezi, Jumatano na Jumamosi, kuimarisha mapafu."

Hiyo ilikuwa dawa niliyoshauriwa na kila mtu, hata mchungaji.

Akaweka kalamu chini. "Huwa mnaliosha ndani?"

Wakuu, nilicheka. Sisi tarumbeta tunalisugua nje mpaka unajiona sura. Ndani haliguswi. Waliotutangulia walitufundisha kwamba maji yanaua sauti, na tarumbeta la zamani tunasema limeiva. Letu limeiva tangu enzi za baba.

Niliporudi nikalifungua tarumbeta pale gereji, mchana kweupe. Ndani ya mirija kulikuwa na utando mweusi wenye kijani, na harufu ya sufuria ya uji iliyosahaulika. Nilikaa chini. Nikahesabu siku za homa: Jumatano, Jumamosi, Jumapili. Nilichomoa fyuzi zote nikaiacha ile niliyodhani ni dawa.

Jibu la daktari: si TB, si pumu. Mapafu yalikuwa yanapigana na ukungu wa mle kwenye mirija, niliokuwa nauvuta kila nikipiga. Nikapewa vidonge, na kupiga nikaacha. Kovu limebaki na sijarudi asilimia zote, ila kabini sasa napanda bila kusimama.

Kikao nikakizuia. Nikapeleka karatasi ya hospitali. Shangazi akasema karatasi haimwoni mchawi.

Nikapanda gari mpaka Hasamba. Nilimkuta baba mdogo kichanjani anachambua kahawa. Akaitikia shikamoo yangu bila kunyoosha mkono. Nafikiri alijua nimekuja kumtukana. Nikamweleza yote, na nikamwomba radhi.

Akauliza, "Kwa hiyo ndicho kilichomuua kaka?"

"Sijui, baba. Hakupimwa. Daktari nilimuuliza, naye hajui."

Akatupa punje mbovu pembeni. Kisha akasema, "Mngenipa mimi lile tarumbeta, ningekufa mimi. Mngesema nani kaniroga?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikasogea kichanjani tukachambua wote.

Nilichojifunza: daktari mwambie hata vitu unavyoamini vinakusaidia, hasa hivyo. Na wapigaji wenzangu wa tarumbeta, fungueni mkaoshe, sauti haifi. Nimeshaosha, kijana wa kwaya akapiga, sauti ni ileile.

Swali langu kwenu ni moja. Shangazi zangu bado hawajakanyaga Hasamba, na mzee amekaa miaka yote tangu baba afariki bila kuitwa kwenye harusi wala msiba wetu. Aliyewahi kumrudisha mtu wake ndani ya ukoo, alianzaje? Nasoma kila jibu.